Tristan Saba, Rafu Moja

Bibi alikuwa na Tristan sita, rekodi sita za opera moja, na chumba alichokuwa anahamishiwa kilikuwa na rafu moja fupi juu ya kitanda. Rafu hiyo ilitakiwa kubeba dawa ya macho, picha ya marehemu mumewe na redio ya kuchezea diski. Alipima nafasi iliyobaki kwa kiganja, akasema litatosha sanduku moja. Kisha akaniambia nimchagulie mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya kuhudumia wazee, mjini Leipzig. Mimi ni mtoto wa Tanga. Opera nilikuwa nimeiona mara moja kwenye runinga, dakika tano, nikahamisha stesheni. Nikamwambia ukweli huo. Akanijibu kwamba ndiyo maana ananiomba mimi. Kwake yeye kila sanduku lilikuwa na mtu ndani: hili alipewa na mumewe, lile alilinunua na rafiki ambaye sasa hayupo, na akichagua mwenyewe atachagua mtu, hatachagua muziki.

Aliniita Schwester, yaani dada, kama wazee wa Kijerumani wanavyowaita wauguzi wa kike. Nami nilimwita kwa heshima ya kwao, Frau na jina la ukoo wake. Hapa nitamwita bibi, kwa sababu ndivyo nilivyomwita kila nilipowasimulia watu wa nyumbani.

Kabla hajakuwa mgonjwa wa miguu na masikio, bibi alikuwa mpiga ala katika okestra ya mji mdogo wa Saxony. Ala yake Wajerumani wanaiita Englischhorn, pembe ya Kiingereza, ingawa si pembe. Ni mti mrefu mweusi uliotobolewa, chini umevimba kama kibuyu kidogo, na juu una ulimi wa vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Siku aliponionyesha picha yake nilisema neno lililonitoka bila kufikiri: zumari. Akaniuliza ni nini. Nikamweleza kwamba mjomba wangu anapiga zumari kwenye harusi na ngoma, kwamba nayo ina ulimi wa vipande viwili, na kwamba kabla ya kupiga huuweka mdomoni ulowe. Bibi akashika mkono wangu. "Mimi nilikuwa nautia kwenye kikombe cha maji," akasema. "Ila wakati wa Tristan niliuweka mdomoni. Gizani kikombe kinamwagika."

Tristan und Isolde ni ya Richard Wagner, ambaye alizaliwa Leipzig hiyohiyo mwaka 1813. Vienna waliijaribu kwa mazoezi zaidi ya 70 wakaiacha, wakisema haiimbiki. Ikaonyeshwa Munich, tarehe 10 Juni 1865, na mtu wa kwanza kumwimba Tristan, Ludwig Schnorr von Carolsfeld, aliimba mara nne tu. Wiki chache baadaye alifariki, ana miaka 29. Kisa chenyewe hakina mambo mengi. Tristan anamchukua Isolde, binti mfalme wa Ayalandi, kwa meli, ampeleke Cornwall akaolewe na mjomba wake, Mfalme Marke. Njiani Isolde anaagiza sumu wainywe wote wawili, lakini mtumishi wake, Brangäne, anabadilisha kikombe na kuwapa dawa ya mapenzi. Sehemu ya pili ni usiku mmoja wa wapendanao, na wanafumaniwa. Sehemu ya tatu Tristan amelala na jeraha kwenye ngome ya baba zake huko Brittany, juu ya bahari, anasubiri meli itakayomleta Isolde. Hayo tu, na yanachukua saa nne.

Nilidhani tutaanza mwanzo. Kila ninayemjua aliyewahi kujaribu opera hii alianza mwanzo, akasinzia au akatekwa na utangulizi wake mashuhuri, kisha akanunua rekodi kwa sababu ya dakika kumi za kwanza. Bibi alinikataza. "Utangulizi kila mtu anaujua kuupiga vizuri," alisema. "Tuanze pale ninapoingia mimi."

Pale anapoingia ni mwanzo wa sehemu ya tatu. Nyuzi nzito zinapanda kutoka chini taratibu, zinatawanyika juu, halafu okestra yote inanyamaza. Nyuma ya jukwaa, mahali asipoonekana, mtu mmoja anapiga wimbo wa mchungaji kwa dakika kadhaa peke yake, bila ala nyingine yoyote kumshika mkono. Mchungaji amepewa kazi ya kuangalia bahari. Akiiona meli atapiga wimbo wa furaha. Asipoiona, huu wa huzuni. Wagner aliandika baadaye kwamba huenda alichukua mbegu ya wimbo huo kwenye sauti za wapiga makasia wa Venice, ambako alikuwa akitunga sehemu ya pili majira ya baridi ya 1858 na 1859. Kwa mtu wa pwani hilo halihitaji maelezo. Nimekulia mahali ambapo watu hukaa ufukweni na kuitazama bahari tupu kwa sababu chombo hakijarudi, na hakuna anayewauliza wanatazama nini.

Bibi aliniambia kwamba kwao onyesho lilianza saa kumi na moja jioni na zamu yake ilifika usiku. Saa zote hizo anasubiri. Alisimama nyuma ya ukuta wa mbao uliochorwa mawe, viatu amevua sakafu isilie, na mwongozaji msaidizi akichungulia kwenye tundu la pazia ili amwonyeshe wakati wa kuanza. Akianza, hakuna anayeweza kumsaidia. "Sikuwahi kuwaona waliokuwa wakinisikiliza," alisema. "Niliwasikia tu wakiacha kukohoa."

Basi tukawa na utaratibu. Jioni nikiwa sina zamu, rekodi moja, sehemu ya tatu, yeye amevaa kifaa chake cha masikio na mimi nimeshika kijitabu cha maneno. Rekodi mbili siku moja alizikataza kabisa, na hilo ni somo ninaloshukuru hadi leo, maana ile inayofuata haisikiwi yenyewe. Inasikiwa kama jibu kwa ile ya kwanza. Kuhusu kijitabu, Kijerumani changu cha mitihani hakikunifikisha mbali. Wagner huyabana maneno, anayatupa vitenzi anapotaka, na bibi mwenyewe alikiri mistari mingine aliipiga miaka 30 bila kuielewa. Lakini nilijifunza kutokuisikiliza opera hii bila karatasi. Bila maneno, saa moja ya mgonjwa kitandani inageuka kelele nzuri.

Ya kwanza ilikuwa ya Karl Böhm, iliyorekodiwa Bayreuth katika tamasha la mwaka 1966, watu wakiwa ukumbini. Wolfgang Windgassen ndiye Tristan, Birgit Nilsson ndiye Isolde. Böhm hapotezi muda: opera nzima ni takriban saa tatu na dakika arobaini. Ukumbi ule Wagner mwenyewe aliujenga, ukafunguliwa 1876, na okestra imefichwa chini ya jukwaa, hivyo sauti zinapanda zimekwisha kuchanganyika. Nilikaa mbele ya kiti mpaka mwisho. Nikamwambia bibi tusiendelee, nimekwisha kuchagua. Sababu yangu nyingine ilikuwa ya kiuguzi. Toleo lake lina diski tatu, na kila sehemu ya opera imeenea kwenye diski moja. Vidole vya bibi vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Kutoa diski na kuingiza nyingine lilikuwa jambo la kumwita muuguzi, na usiku muuguzi ni mmoja kwa korido nzima. Bibi akacheka akasema hiyo ni sababu ya mtu wa stoo. Tukaendelea.

Ya Leonard Bernstein ilinichosha na kunitesa, lakini sikuisahau. Ilirekodiwa Munich mwaka 1981, kila sehemu katika tamasha lake, miezi tofauti, na jumla yake inakaribia saa nne na nusu. Maana yake, nota zilezile, robo tatu ya saa zaidi ya Böhm. Nilifikiri tofauti hiyo ni ya kasi tu, kama gari na gari. Bibi akanifundisha kusikiliza mahali pengine: kwenye mapumziko. Wimbo wa mchungaji una vituo, nota moja inashikiliwa, halafu kimya, halafu unaendelea. Waongozaji wanatofautiana zaidi kwenye ukimya huo kuliko kwenye nota. Kuna anayenyamaza kwa sababu mpigaji anahitaji pumzi, na kuna anayenyamaza kwa sababu mchungaji ameangalia bahari tena. Tangu siku hiyo nikiambiwa rekodi fulani ni ya polepole huwa nauliza polepole wapi.

Ya Carlos Kleiber ilirekodiwa Dresden, ndani ya kanisa la Lukaskirche, kazi ikianza 1980. Bibi aliipenda okestra yake kuliko zote; aliwajua wapigaji wengine kwa sura, na alisema hakuna nyuzi zilizowahi kung'aa hivyo. Isolde wake ni Margaret Price, ambaye hakuwahi kumwimba Isolde jukwaani, na Kleiber mwenyewe aliondoka studio kabla kazi haijakamilika, rekodi ikaunganishwa kutokana na kanda zilizokuwa zimekwisha kunaswa. Nilimuuliza bibi kama huo si udanganyifu. Swali hilo lilimuudhi kidogo. Sauti ya Price, alisema, ingekatwakatwa na okestra kamili katika ukumbi wa watu elfu mbili. Kipaza sauti ndicho kilichotupa Isolde kijana, kama hadithi inavyomtaka. Zile za Georg Solti na Herbert von Karajan tulizipitia upesi. Kwenye ya Karajan nilimpenda Jon Vickers, anaimba kama mtu anayeng'oa kitu mwilini mwake, lakini okestra mara inavimba mara inatoweka, na bibi aliyekuwa na masikio dhaifu alipotea.

Hapo katikati nilifanya jambo ambalo nililiona ni wema. Siku yake ya kuzaliwa nilimnunulia ya saba, ya Antonio Pappano, iliyorekodiwa London 2004 na 2005, Plácido Domingo na Nina Stemme. Nilifikiri rekodi mpya, safi, itamfaa mtu asiyesikia vizuri. Alinishukuru, tukaisikiliza yote kwa siku tatu, na ni nzuri kweli. Lakini nilikuwa nimemwongezea mzigo mtu aliyeniomba nimpunguzie. Na usafi wa sauti haukumsaidia nilivyodhani. Kifaa cha masikio kilikuza kila sauti, hata ya filimbi, na yeye alichohitaji ni kujua mstari unaelekea wapi.

Ya mwisho ilikuwa ya Wilhelm Furtwängler, iliyorekodiwa London, Kingsway Hall, Juni 1952. Ni mono, ya zamani kuliko zote, saa nne na robo. Kirsten Flagstad alikuwa na miaka 56, na nota mbili za juu kabisa katika sehemu ya pili hakuzifikia tena. Elisabeth Schwarzkopf alimsaidia kuziimba. Habari ikavuja, na ikamuumiza sana Flagstad. Bibi alipokuwa kijana mashariki ya Ujerumani rekodi hiyo ilimfikia kwa santuri, zawadi ya shangazi aliyeishi upande wa magharibi. Kuhusu zile nota mbili alisema, bila kuzungusha, kwamba mwenzako akiishiwa pumzi unampa yako.

Mimi sikuipenda. Niliisikia kama muziki ulio nyuma ya mlango. Nikamwambia bado nasimama na Böhm.

Siwezi kuruka jambo jingine, maana nilikuwa mwanamke mweusi ninayesikiliza muziki huu Saxony, na niliulizwa na wenzangu kwa nini. Wagner aliandika dhidi ya Wayahudi, akachapisha, mwaka 1850, na hakuwahi kujuta. Böhm alishika opera ya Dresden mwaka 1934 baada ya Wanazi kumfukuza Fritz Busch. Furtwängler alibaki Ujerumani akiongoza okestra karibu miaka yote ya Hitler. Baada ya vita alihojiwa akaachiliwa. Nilimuuliza bibi nifanye nini na hayo. Hakumtetea yeyote. Aliniambia niyajue, niyataje nikizungumzia rekodi hizi, na nisikubali mtu aniambie kwamba hayahusiani. Ndivyo ninavyofanya hapa. Muziki haukuacha kunigusa, na sijawahi kuona kwamba kuguswa kunamsafisha mtu yeyote.

Kilichobadili uamuzi wangu hakikutoka kwenye diski. Nilipewa zamu ya usiku, na usiku huo mzee mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa anaondoka. Homa ilikuwa juu na mwanawe alikuwa njiani, anatoka mbali. Watu wasiokaa na wanaokufa hudhani ni kushuka ngazi, hatua kwa hatua mpaka chini. Sivyo nilivyoona. Mzee alizama, tukadhani basi, akaibuka, macho makali, akauliza kama gari limefika, akataka kuinuka, akazama tena. Kila akiibuka alikuwa na nguvu zaidi, na kila akizama alikwenda chini zaidi. Alikuwa akivuta bandeji ya mkononi, nami namrudisha mkono shukani, taratibu, mara kumi, mara ishirini. Zamu yangu ilikwisha kabla mwanawe hajafika. Niliporudi jioni kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Wiki hiyo nilimwomba bibi tusikilize tena ya Furtwängler. Ludwig Suthaus ndiye Tristan, na sasa nilimtambua. Tristan anazama, rafiki yake Kurwenal anaogopa amekwisha. Anaibuka, anaiona meli ambayo haipo, anapiga kelele. Mchungaji anaupiga wimbo wa huzuni, Tristan anazama. Inakuja tena, juu zaidi. Isolde anapofika kweli, Tristan anararua bandeji zake kwa mikono yake. Wagner alilijua jambo hili, au aliliona mahali. Furtwängler naye haendi polepole wala haraka: anakwenda na mgonjwa. Panapopanda unasikia kwamba nguvu hii imekopwa, na italipwa. Kwenye ya Böhm moto ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao unapendeza, lakini mimi usiku ule sikuwa nimeona moto. Kelele za mono hazikunisumbua tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mgonjwa, na ndivyo watu wanavyosikika kutoka mlangoni.

Nikamwambia: Furtwängler. Nikamweleza na sababu, yule mzee wa ghorofa ya pili, bandeji, yote. Bibi alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema nimechagua sawasawa, na kwamba yeye atachukua Böhm.

Sikuelewa. Akaninyooshea vidole vyake vilivyopinda. "Diski moja, sehemu moja," akasema. "Saa nane za usiku sitaki kumwita mtu aje kunigeuzia Tristan katikati. Ulinipa sababu hiyo siku ya kwanza na mimi nikakucheka." Furtwängler, diski nne zinazokata sehemu katikati, akaniwekea mikononi. Ndani ya kijitabu chake, pembeni ya maneno ya mchungaji, kuna alama za penseli, vistari vidogo vya kuonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Zile nyingine tano tulizipeleka maktaba ya mji.

Katika juma la kuhama nilimrekodia mjomba ule wimbo wa mchungaji kwa simu, nikautuma Tanga, bila kumwambia ni nini.

"Shikamoo mjomba," nilimpigia kesho yake. "Umeusikia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeusikia. Huyo anasubiri chombo?"

Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajui, ila mtu wa harusi hapigi hivyo. Halafu akaongeza, kwa heshima ya fundi kwa fundi mwenzake, kwamba anapiga vizuri sana lakini anakata pumzi. Mpiga zumari hakati. Mashavu yanajazwa, na yanapoisukuma pumzi nje pua inavuta nyingine, sauti haina kituo mpaka ngoma iishe.

Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe wa sauti, na ndani yake hakuna neno hata moja. Ameupiga wimbo wa mchungaji kwa zumari, kama alivyoukumbuka, umepindishwa kidogo kwa mizani ya kwetu, kwa mbali jogoo anawika. Bibi alikuwa tayari kwenye chumba kipya, chini ya rafu yake. Nikaikaribisha simu kwenye kifaa cha sikio lake. Alisikiliza amefumba macho, vidole vyake vikitembea juu ya blanketi, vikifunika na kufunua matundu ya ala ambayo hakuwa nayo. Mara mbili vilisimama, pale kwenye vistari vya penseli, na sauti kwenye simu haikusimama navyo.

Ulipokwisha akaniomba niurudie. Nikaurudia. Akafumbua macho.

"Anapumua wapi?" akauliza.